Mwombe Daftari Lake

Ukitaja "steji" Kawangware, Nairobi, mtu wa kwanza utakayemuuliza atakuelekeza kwenye magari: 46 iko huku, 56 iko kule. Ukisema unamtafuta msimamizi wa steji, utapelekwa kwa kijana mwenye sauti iliyokauka, anayepanga foleni ya matatu na kujua ni gari gani linajaza na lipi linafuata. Aliyekuelekeza hajakosea sana. Kazi ninayoizungumzia hapa, ya msimamizi wa jukwaa la maigizo, ni binamu wa ile: kila mtu na zamu yake, kila kitu na saa yake, na abiria wasijue ni ugomvi gani uliotokea gari likijaa.

Ila yule wa matatu unaweza kumpima kwa macho. Foleni ikisonga, anajua kazi. Huyu wetu ni mgumu kupimika. Mwigizaji hupigiwa makofi, mwelekezi huandikwa jina kwenye bango, na msimamizi wa jukwaa hukumbukwa siku mambo yakiharibika. Tena wengi wetu hatuna ajira ya kudumu. Tunaitwa shoo kwa shoo. Wiki hii ni kikundi cha Laini Saba, Kibera, kinachozunguka shuleni na tamthilia teule, wiki ijayo ni mradi wa afya Gatina, mwezi ujao ni wachekeshaji waliokodi ukumbi mjini. Kila mmoja hujiita fundi. Nimeajiri na nimeajiriwa, nimefaulu na nimeharibu, na katika kuharibu ndiko nilikojifunza kutazama. Haya ndiyo ninayoyatazama.

Saa mbili kabla

Usimpime wakati wa onyesho. Wakati huo hata mzembe ana shughuli. Mpime saa mbili kabla ya hadhira kuingia. Mzembe utamkuta mbioni: anatafuta mkasi, anaomba chaja, anampigia mwenye funguo ambaye simu yake imezimwa. Aliyeiva utamkuta na fagio. Sisemi kwa mafumbo. Anafagia jukwaa kwa mkono wake, kwa sababu anayefagia ndiye anayeuona msumari uliochomoza, ubao unaobonyea na waya uliolala njiani, na baadaye kuna mwigizaji atakayepita hapo gizani, miguu mitupu.

Sasa tazama sakafu. Utaona vipande vidogo vya utepe vinavyoonyesha kila kiti na kila meza vitakaa wapi. Fundi huweka alama mbili tu, za miguu ya nyuma, ili watazamaji wasizione. Mgeni wa kazi huweka nne, sakafu ikaonekana kama imetoka upele. Fundi pia hutenganisha rangi: nyekundu za onyesho la kwanza, buluu za onyesho la pili. Ukiona rangi moja kila mahali, jua kuna kiti kitakachowekwa pasipo pake.

Kisha sikiliza anavyotangaza muda. Waingereza, ambao desturi zetu nyingi za ukumbini zimetoka kwao, hutangaza "nusu saa" dakika 35 kabla ya pazia. Dakika tano hizo si kosa la hesabu. Waigizaji wa kwanza wanatakiwa wawe mahali pao dakika tano kabla ya kuanza, na nusu saa huhesabiwa kurudi nyuma kutoka hapo. Kama msimamizi wako anatumia 35 au 30, si neno. La kusikiliza ni jibu. Akisema, "Kumi na tano!" waigizaji wanajibu, "Kumi na tano, asante"? Anayetangaza na kunyamaziwa, kisha akaridhika, hajui nani amesikia na nani yuko nje akinunua smoki.

Meza ya vifaa

Mahali pa pili pa kutazama ni meza ya vifaa. Chukua mfano wa Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea ambayo wanafunzi wengi wa sekondari waliisoma na vikundi vyetu vikaiigiza shule baada ya shule. Inaanza katika karakana ya soko la Chapakazi, Sudi na wenzake wakichonga. Kwa hiyo mezani pawe na patasi, nyundo na kinyago. Kisha kuna keki, ambayo wengine wanaila na Sudi anaikataa.

Msimamizi wa kawaida atakwambia, "Vifaa viko tayari," na utavikuta vimerundikwa ndani ya gunia. Fundi hutandika karatasi ya khaki juu ya meza, akaigawa kwa kalamu nene katika vyumba, na kila chumba akakiandika jina la kifaa, nani anakichukua na kinarudi na nani. Patasi ikiondoka, chumba chake kinabaki kitupu kikikukodolea macho. Baada ya onyesho huhitaji kuuliza kilichopotea. Chumba kitupu kinakwambia.

Keki ndiyo inayompima zaidi. Kikundi kinachozunguka shuleni huweza kuigiza mara mbili au tatu kwa siku, kila mara katika bwalo jingine. Basi ni keki ngapi? Vipande vingapi vinaliwa, na vingapi vinabaki kwenye sahani ili Sudi awe na kitu cha kukataa? Mwigizaji anayekula ataweza kutamka maneno yake yanayofuata akiwa na keki kavu kinywani, au panahitajika keki laini na maji nyuma ya pazia? Niliwahi kufanya kazi na dada mmoja wa Kibera aliyekuwa ameyaandika hayo yote, hata ukubwa wa kipande: vidole viwili. Mtu akicheka, alimwambia, "Cheka. Mwenzako akipaliwa mbele ya watoto mia tano, tutacheka pamoja."

Daftari

Sasa tumefika kwenye kiini. Msimamizi wa jukwaa ana daftari moja ambalo ndani yake onyesho zima limelala. Ukurasa mmoja una maneno ya mchezo. Ule unaoutazama una mistari mitupu ya kuandika nani anaingia kutoka wapi, anasimama wapi, taa ipi inawaka, sauti ipi inasikika. Kila tukio la taa au sauti huitwa kyu, na lina nambari. Kabla ya kyu huandikwa onyo, "tayari", na kwenye neno lenyewe, si kwenye sentensi bali kwenye neno, huandikwa "nenda".

Kwanza, tazama kama limeandikwa kwa penseli. Kalamu ya wino ni dalili ya mtu asiyejua kwamba mwelekezi atabadilisha mawazo hata siku ya mwisho. Pili, tazama kama kuna dakika. Fundi huandika kila onyesho ndani ya mchezo limechukua muda gani. Mchezo uliochukua dakika 92 siku ya kwanza na 104 siku ya tatu una habari: waigizaji wameanza kuvipenda vicheko vyao na wanavisubiri. Mwelekezi akilalamika kwamba shoo imelegea bila kujua wapi, daftari humwonyesha ni onyesho lipi lililonenepa.

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, jiulize kama mtu mwingine anaweza kulisoma.

Hapa sina budi kujitaja. Nilipoanza niliamini kwamba kibarua asiye na mkataba ana ngao moja tu, nayo ni kujua kitu ambacho wengine hawakijui. Basi nikaliweka onyesho kichwani. Daftari langu lilikuwa na mishale, michoro na vifupisho nilivyovielewa peke yangu, na nilijivunia jambo hilo. Niliwaza: wasiponiita mimi, watamwita nani? Kisha, asubuhi ya onyesho, homa ikaniangusha. Kikundi kilifungua daftari langu na hakikuelewa neno. Taa ziliwaka marehemu alipokuwa bado anajilaza, muziki wa arusi ukapigwa msibani. Hawakunitukana. Ila hawakuniita tena.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilidhani methali hiyo ni ya wenye maduka. Sikujua kwamba hata sifa ya mtu ni mali.

Uwanja usio na pazia

Kuna wanaodhani kwamba ufundi huu unahitaji ukumbi kama Kenya National Theatre, uliofunguliwa mwaka 1952, wenye pazia na kibanda cha taa. Ukumbi ni mwema. Lakini anayetaka kumpima msimamizi hasa ampeleke kwenye uwanja wa Kibera saa kumi jioni, mahali ambapo jukwaa ni duara la watu na pazia ni migongo yao.

Tazama kwanza ameiweka wapi hadhira. Nairobi jua huzama karibu saa kumi na mbili unusu mwaka mzima, na kuanzia saa kumi linapiga kwa ubavu. Asiyejua atawapanga watu wakitazama magharibi, nao watakaa wakijikinga uso kwa mikono, kisha aseme hadhira ya mtaa haina utulivu. Anayejua huwapanga wakilipa jua mgongo, waigizaji ndio wakamulikwa. Hiyo ndiyo taa yake, na hailipiwi stima.

Pili, sikiliza kama amehesabu sauti za mahali. Reli ya kwenda Kisumu inaikata Kibera katikati. Fundi huwauliza wenye vibanda kando ya reli gari moshi hupita saa ngapi, akaweka alama kwenye skripti ambapo huenda likapita, na akawafundisha waigizaji la kufanya: wagande walivyo, watazame likipita, kisha waendelee kutoka neno lilelile. Nimeona hadhira ikipiga makofi zaidi kwa kuganda huko kuliko kwa mchezo wenyewe. Ukiwa Makina, walipokaa Wanubi tangu enzi za ukoloni, adhana ya alasiri si kelele ya kushindana nayo. Fundi humaliza wimbo wowote kabla yake au huanza baada yake, na wazee hurudi kutoka msikitini wakakuta mchezo haujawadharau. Jumapili hesabu ni ya vipaza sauti vya makanisa. Kila siku mkokoteni wa maji utataka kupita, na njia yake iachwe wazi, kwa sababu mkokoteni hautasubiri.

Tatu, watoto. Watakaa mbele, na duara litapungua hatua kwa hatua hadi mwigizaji aigize juu ya miguu yao. Wa kawaida huwafukuza kwa fimbo. Fundi humwaga mstari wa maji vumbini na kumchagua mtoto mmoja, kwa kawaida yule mtukutu kuliko wote, akamwambia, "Wewe ndiye askari wa mstari huu." Sijaona mstari uliolindwa vizuri zaidi.

Usikubali kuambiwa kwamba hiyo ni kazi ya daraja la chini. Mwaka 1977, Kamirithu kule Limuru, wanakijiji walijijengea jukwaa la wazi la kutosha watu zaidi ya 2,000, wakaigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalifanywa hadharani, na waliokuja kutazama wakayashika maneno kama waigizaji wenyewe. Serikali iliondoa kibali baada ya wiki chache, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Mbao zilikwisha, mchezo haukwisha. Ulikuwa katika karatasi na katika vichwa vya wengi, na mwaka 2022 ukaigizwa Kenya National Theatre. Onyesho lililo kichwani mwa mtu mmoja lingekufa na mbao zake.

Sauti

Usihadaike na redio ya mawasiliano kiunoni, wala fulana nyeusi, wala mikono inayopungwa hewani. Hivyo hununuliwa au huigwa. Kipimo ni sauti yake mambo yakienda mrama.

Mwigizaji amechelewa, anaingia akihema, zimebaki dakika kumi na mbili. Msimamizi mmoja atamfokea mbele ya wote, na mwigizaji ataingia jukwaani akitetemeka. Mwingine nilimsikia hivi:

"Madam, pole sana, gari lilikwama Ngong Road..."

"Karibu. Maleba yako msumari wa tatu. Una dakika kumi na mbili. Tutaongea baada ya shoo."

Na baada ya shoo waliongea kweli, wawili, pembeni, na hakikuwa kikao cha bembelezo. Asiyekemea kabisa naye si fundi, maana kesho watachelewa watatu. Anayejua huichagua saa ya kukemea kama anavyoichagua saa ya taa.

Siku ambayo hakuwepo

Nikuoneshe sasa daftari zuri likifanya kazi. Ilikuwa katika ukumbi wa kanisa, Kawangware, paa la mabati, watu wamejaa hadi madirishani. Msimamizi wa shoo ile, mama wa Gatina niliyekuwa namheshimu kwa miaka, hakuwepo. Mtoto wake alikuwa amelazwa mchana huo. Mahali pake alikaa kijana aliyekuwa akimsaidia kubeba viti, hajawahi kusimamia onyesho hata moja, daftari la mama yule magotini mwake.

Katikati ya onyesho la pili, stima ikapotea.

Unajua kelele za ukumbi stima ikipotea. Nilikuwa nyuma, nikasimama niende kusaidia, nikaona haina haja. Kijana alifungua ukurasa wa mwisho wa daftari. Mwigizaji mkubwa wa kike, aliyeigiza Mama Kijiji, akaanza wimbo palepale gizani, wimbo wa kuvuna ambao haukuwa katika mchezo, na wenzake wakaitikia. Kabla ubeti wa pili haujaisha, tochi tatu ziliwashwa: mbili zimeelekezwa juu kwenye mabati, si usoni mwa waigizaji, mwanga ukarudi chini laini kama wa mwezi, ya tatu mlangoni, ili mwenye hofu aone njia. Wimbo ukaisha, mchezo ukaendelea kutoka ulipokatikia. Watu waliondoka wakidhani ulitungwa hivyo.

Baadaye nilimwomba kijana anioneshe ukurasa ule. Uliandikwa kwa penseli, herufi za mtoto wa darasa la nne, hakuna kifupisho hata kimoja: "Stima ikipotea: 1. Usipige kelele. 2. Mama Kijiji aanze wimbo wa mavuno. 3. Tochi ziko chini ya kiti chako, mfuko wa bluu. Mbili juu kwenye mabati, moja mlangoni. 4. Wimbo ukiisha, waendelee. 5. Andika dakika."

Na aliandika. Dakika nne.

Ripoti na riziki

Onyesho likiisha, fundi haondoki kabla ya kuandika ripoti. Iombe uisome. Ripoti mbaya ni mashtaka: "Waigizaji hawana nidhamu, ukumbi ulikuwa mchafu." Ripoti nzuri ni habari: "Tumeanza saa 12:08, dakika nane nyuma, funguo za chumba cha nyuma zilikuja 11:50. Patasi imevunjika mpini. Kyu ya 14 imewahi, kosa langu." Tafuta maneno hayo mawili ya mwisho. Katika ripoti kumi yasipoonekana hata mara moja, mwandishi wake si malaika. Anaficha.

Kuhusu malipo nitasema machache. Fundi wa shoo kwa shoo huandikiana na aliyemwita kabla ya zoezi la kwanza, hata kama ni ujumbe wa simu tu: tarehe, idadi ya mazoezi, arbuni, salio linatumwa lini. Hapokei shoo mbili za jioni moja. Tena, kabla ya kuuliza pesa zake, anauliza waigizaji watarudije nyumbani. Shoo ikiisha saa nne usiku mjini, nauli imepanda, na binti wa Silanga, Kibera, ana kichochoro kirefu mbele yake. Anayeuliza swali hilo mapema ameshalisimamia onyesho hadi mlangoni kwa kila mtu.

Mama yule wa Gatina hakupoteza kazi kwa kumwachia kijana daftari lake. Kikundi kilijua sasa kwamba wakimwajiri yeye wanapata shoo isiyoanguka, awepo asiwepo, na wakamwita mwaka uliofuata na uliofuata tena. Kijana naye akaanza kuitwa kwingine. Mimi niliyeficha vyangu kichwani nilingoja simu miezi mitano.

Basi, unapotafuta mtu wa kukusimamia jukwaa, usimuulize amefanya shoo ngapi wala kubwa kiasi gani. Mwambie alete daftari la shoo yake ya mwisho. Mpe mtu mwingine kurasa tatu azisome. Mtu huyo akiweza kukueleza nani anaingia wapi, taa ipi inazimwa na tochi ziko mfuko gani, mlipe mwenye daftari arbuni siku hiyohiyo.